Mashine Iliyojua Kila Kitu

Mlionipigia simu wiki nzima kuuliza kama gari la kliniki lilikimaliza kile kilima, jibu ni hapana. Lilizimika katikati, mkunga akiwa kwenye usukani na mizani ya kupimia watoto ikiwa kiti cha nyuma. Na aliyesema gari limepona ni mimi.

Kwa anayekutana nami leo, nijitambulishe upesi. Mimi ni fundi magari. Mtaani wananiita Sikio, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiinama kwenye boneti, nafumba macho, nasikiliza injini, kisha natamka ugonjwa. Watu walikuwa wakija na wageni wao kunitazama nikifumba macho. Kichwa kikavimba.

Ninachoungama ni hiki: magari ya siku hizi nilikuwa siyasikii. Yanawasha taa ya injini kwenye dashibodi, basi, hayasemi tena kitu. Mimi nafumba macho vilevile na kubahatisha. Kwa gari la kliniki nilibahatisha nozeli za kupulizia mafuta. Nikabadilisha mbili. Fundi mwingine mwenye mashine ya kupimia akagundua kwa dakika tano kwamba ni waya uliolegea.

Mkunga hakunifokea. Angenifokea ningepona haraka.

"Fundi, sikio lako nalipenda," aliniambia, "lakini gari langu limeacha kuongea kwa mdomo."

Kisha akanipa nafasi. Kliniki ina magari matatu. Gereji itakayokuwa na mashine ya kupimia ya kuaminika ifikapo Ijumaa ndiyo itakayoyahudumia yote. Mimi, mbele ya wateja wanne, nikasema Ijumaa ni mbali mno, ataiona kabla ya hapo.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni yaliyofuata, na mkiweza msicheke kabla sijafika mwisho.

Gereji naiendesha na wifi yangu. Mimi nashika spana, yeye anashika simu, vipuri na hasira za wateja. Kaka yake, yaani mume wangu, ni dereva wa malori ya masafa marefu na alikuwa na miezi miwili njiani. Jumapili alinipigia akasema yuko kwenye foleni ya mpakani, mvua inanyesha, anakula mkate mkavu. Nikamhurumia. Nikamsimulia habari ya kilima na ya ahadi yangu, naye akasema nisiwe na wasiwasi.

Jumatatu wifi akaanza kutafuta mashine. Akapata wauzaji wawili: muuza simu wa mtaa wa pili, na fundi mmoja mstaafu aliyekuwa anauza vifaa vyake. Muuza simu alinitumia ujumbe kuuliza: "Mna wifi hapo gereji?" Nikamjibu ndiyo, tunaye, ana maneno kidogo lakini ni mtu mzuri. Hakunijibu kwa saa nzima. Wifi alipousoma ule ujumbe ilibidi akae chini kwenye tairi.

Baadaye muuza simu akapiga kueleza kwamba mashine yake inasoma kodi zote za gari. Wifi akamwambia kodi zetu tumeshalipa na risiti tunazo. Ilichukua muda kuelewana kwamba kodi anazosema ni zile namba za hitilafu ambazo gari linajiandikia kwenye kompyuta yake.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Maneno ya muuzaji siyaamini, kwa hiyo nilitaka mashine zifanye mtihani. Jumanne asubuhi, kabla hajafika mtu, niliichukua pikapu yetu, nikachomoa waya wa sensa ya hewa kwenye injini, kisha nikaingia uvunguni nikachomoa na waya wa sensa ya breki, gurudumu la nyuma. Magonjwa mawili, nayajua mimi peke yangu. Nikanawa mikono, nikakaa nje kama mtu asiyejua lolote.

Saa tatu wakafika wote wawili kwa pamoja, kwa sababu wifi aliwapa wote muda uleule. Walitazamana kama wachumba wawili waliokutana sebuleni kwa msichana mmoja. Kabla sijasema neno akaingia wa tatu, ambaye hatukumwita. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye viatu vinavyong'aa, mkoba mgumu mkononi na sauti ya kuamsha mtaa. Alisema amesikia tunatafuta mashine. Wifi alimpa jina la Tarumbeta palepale, na likamkaa.

Nikawaambia gari ni moja, wajaribu kwa zamu.

Muuza simu akaanza. Mashine yake ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani. Akaichomeka kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani, akafungua simu yake, tukasubiri. Ikaona sensa ya hewa. Nikafurahi. Nikamuuliza breki je? Akasema breki ziko salama kabisa, hata mtoto anaweza kuliendesha hilo gari. Kumbe kidude chake kinasoma injini tu, mengine yote kwake ni giza. Tena maelezo yalitoka kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Namba ya hitilafu tuliielewa kwa sababu namba ni namba.

Mstaafu akafuata na sanduku lake la manjano, zito kama kiroba cha saruji. Mzee wa watu alilifungua kwa heshima kama mtu anayefunua mtoto. Likaona hewa, likaona breki. Nilitaka kumkumbatia. Lakini nilipomwomba alijaribu kwenye gari la kliniki, ambalo mkunga alituachia kwa majaribio na ni jipya zaidi, sanduku likakataa hata kulitambua. Mstaafu akasema kweli, bila kuzungukazunguka: kampuni iliyolitengeneza iliacha kutoa habari za magari mapya miaka mingi iliyopita, na yeye ndiyo maana anapumzika pamoja nalo. Nikampenda mzee yule, lakini sikumchukulia sanduku lake.

Tarumbeta akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na kitu kama kishikwambi kipana, kimevikwa mpira wa rangi ya chungwa kwenye kingo. Akakichomeka. Kikaisalimu pikapu kwa mwaka wake wa kuzaliwa. Kikaona hewa. Kikaona breki, kikataja na gurudumu lenyewe, la nyuma kushoto. Halafu kikasema kuna la tatu: feni ya rejeta.

Nikacheka. Nikamwambia Tarumbeta kwamba hapo mashine yake imedanganya, maana ugonjwa wa feni sikuuweka mimi.

Nilipoyasema hayo ndipo nikagundua nimejitoboa. Muuza simu akanigeukia. "Kumbe umeyaweka wewe?"

Wifi akaokoa hali kwa kunituma nikaangalie feni. Nikafungua boneti, nikashika tochi, nikafuata waya taratibu mpaka nyuma ya rejeta. Panya walikuwa wameutafuna ukabaki uzi mmoja. Siku yoyote hiyo pikapu ingechemka barabarani ikatuua kwa aibu, na mimi nimeiendesha mwezi mzima huku nikiisifu sauti yake.

Nilisimama pale na tochi yangu mkononi, naitazama ile mashine. Wanangu niliwapenda walipozaliwa, sikatai, lakini hata wao sikuwapenda haraka vile.

Nikamuuliza Tarumbeta maswali yote niliyoyaandika. Magari ya miaka gani? Mapya na ya zamani. Habari mpya zikitoka? Zinaingia zenyewe. Inasoma gia, mifuko ya hewa, breki? Inasoma. Ikiharibika nampata wapi? Hapo akakohoa. Akasema nikae nayo kwanza mpaka Ijumaa, niitumie nitakavyo, ndipo tuzungumze. Hakuacha kadi wala karatasi. Akaondoka na viatu vyake vinavyong'aa, akiruka madimbwi ya oili.

Wifi alisema muuzaji anayeondoka bila kusaini kitu ama ni mjinga ama ni malaika. Mimi sikumsikia. Nilikuwa nimeshalichomekea gari la mwalimu mkuu aliyekuwa anapita zake.

Jumatano ilikuwa sikukuu ya peke yetu. Habari zilienea, watu wakaleta magari ambayo hata hayaumwi. Nilipima gari la muuza maua, la daktari wa meno, la kinyozi. Kinyozi aliambiwa sensa ya oksijeni imechoka, akajishika kifua akidhani ni yake. Kulikuwa na mama mmoja aliyetaka mashine imwambie kama mumewe anaendesha kasi anapokuwa peke yake. Wifi alikuwa anapanga foleni na chaki sakafuni, na kila mashine ilipotaja ugonjwa kwa usahihi, watu wa foleni walipiga makofi. Nilitembea siku ile kama miguu yangu haigusi saruji. Sikufumba macho hata mara moja.

Alhamisi nikazidisha.

Wifi yangu ana mchumba, mwalimu wa udereva. Ni mtu mpole, anavaa tai, anawasha taa ya kuonyesha upande hata anapokata kona ya uani kwake. Nilikuwa nimemuona mara mbili tu, na mume wangu hajatambulishwa kwake kabisa, kwa sababu ya safari zake. Alipita gereji kumletea wifi mwavuli aliousahau. Nikamwambia lete gari, shemeji, nikupimie kwa mapenzi ya familia.

Nikachomeka. Injini safi. Breki safi. Nikaendelea kubonyeza kwa utamu wa kubonyeza tu, mpaka nikafika mahali ambapo kompyuta ya gari inahifadhi kilomita zake yenyewe. Dashibodi ilikuwa inasema elfu sitini na moja. Kompyuta ilikuwa inasema laki mbili na elfu arobaini.

Mtu mwenye busara angenyamaza, akamwita wifi pembeni. Mimi nilikuwa na ulevi wa siku mbili za makofi. Nikasimama katikati ya gereji, mbele ya wateja na mstaafu aliyekuja kutusalimia, nikatangaza kwamba gari hili limepunguzwa umri, na anayepunguza umri wa gari anaweza kupunguza mengine.

 Wifi akaushika ule mwavuli kwa mikono miwili.

"Ni kweli hayo?" alimuuliza mchumba wake.

Mwalimu wa udereva hakutetereka. Alieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake breki ya mkono, kwamba dashibodi ya mwanzo ilikufa, wakamwekea nyingine ya gari bovu, ndiyo maana kilomita hazilingani. Kazi hiyo ilifanyika wiki mbili zilizopita kwenye chuo cha ufundi kilicho upande wa pili wa mji, ambako wanafunzi wanajifunzia magari ya watu. Tena kwa kuwa yeye ni mtu wa kumbukumbu, alipiga picha kila hatua. Akatoa simu.

Picha ya kwanza ilikuwa dashibodi mpya, ya pili ni ile ya zamani. Ya tatu ilikuwa ya fundi mwanafunzi aliyeifunga, amekaa kiti cha dereva, bisibisi mdomoni, anacheka.

"Huyu ndiye hodari kuliko wote darasani," alisema mwalimu wa udereva. "Mtu mzima, lakini anasoma kama kijana."

Wifi akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Akanipa simu. Mikono yangu ilikuwa na grisi, lakini niliishika.

Alikuwa mume wangu.

Yule wa foleni ya mpakani. Yule wa mvua na mkate mkavu.

Niwaambie ukweli, wasomaji wangu: sikulia. Nilicheka. Nilicheka mpaka mstaafu akanivutia kiti. Nilikuwa nacheka kwa sababu kichwa kilikuwa kinazunguka na kicheko ndicho kilichokuwa karibu. Wifi naye akaambukizwa, tukashikana, huku mchumba wake anauliza kama kuna kosa lolote kwenye picha.

"Hilo kosa ni kaka yangu," wifi akamwambia. "Tupeleke."

Tukaondoka vilevile tulivyo, mimi na ovaroli, mashine kwapani. Siku zile nilikuwa siiweki chini, hata chai nilikuwa nakunywa kwa mkono mmoja. Nilitaka tufike kwa dakika kumi. Lakini aliyekuwa anaendesha ni mwalimu wa udereva. Alisimama kila alama, akampisha kila mtembea kwa miguu, hata bata mmoja alipewa nafasi. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Ya kwanza ilikuwa kali. Tulipopita soko ikawa ya kusikitisha. Tulipofika geti la chuo nilikuwa na sentensi moja tu iliyobaki, na hiyo niliishika kwa meno.

Karakana ya chuo ilikuwa jengo refu lenye madirisha mapana. Nikachungulia kabla ya kuingia.

Alikuwa safu ya mbele. Ameketi kwenye dawati dogo kuliko yeye, magoti yamepanda juu, ovaroli ya buluu, daftari limefunguliwa. Na miwani. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kujua kwamba mume wangu anahitaji miwani. Mwalimu wa darasa aliuliza swali, naye akanyoosha mkono, akasubiri kuitwa, kama mtoto.

Wifi akaninong'oneza kwamba sasa anaelewa kwa nini kaka yake aliacha kuendesha, hakuwa anaona barabara vizuri. Na sisi tungemcheka. Hilo alilisema polepole, na lilinichoma, kwa sababu ni mimi niliyewahi kumwambia mbele ya wageni kwamba yeye kazi yake ni kuzungusha usukani tu, mambo ya ndani ya gari atuachie wenye akili. Hilo nalo naliungama leo.

Ile hotuba ikaniyeyukia. Nikasukuma mlango, sijui hata nitasema nini.

Darasa zima likageuka. Mume wangu akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nilianza kutabasamu. Nakiri, nilianza kutabasamu, kwa sababu alikuwa mzuri na ile miwani.

Lakini mwalimu wao hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye penseli aliyoichomeka kwenye nywele, na macho yake yalikuwa kwapani kwangu.

Nikafuata macho yake, kisha nikatazama ukutani nyuma yake. Palikuwa na kabati la vyuma lenye nafasi kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa na mashine zinazochajiwa, zimevikwa mpira wa rangi ya chungwa kwenye kingo. Ya kumi na mbili ilikuwa tupu.

"Mama," alisema mwalimu kwa sauti ya upole iliyonitia baridi, "naomba niione hiyo."

Nikampa. Nilihisi kama natoa mtoto. Alieleza, huku akiiwasha, kwamba wanaitafuta tangu Jumatatu, kwamba mtihani wa vitendo ni kesho, na kwamba aliyeitoa chuoni, hata awe nani, hatakaa kwenye mtihani huo wala mwingine. Akaandika nywila ya walimu, ile inayofungua sehemu yao. Ikafunguka. Akabonyeza mahali ambapo mimi sikuwahi kufika na kubonyeza kwangu kote, ikajitandaza orodha ya waliowahi kuifungua kwa majina yao, wa mwisho akiwa juu.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona. Juu kabisa, tarehe ya Jumatatu, palikuwa na jina la baba wa watoto wangu. Kumbe Tarumbeta alikuwa ametumwa.

Mwalimu alilisoma kimyakimya. Hakumtazama mtu. Nadhani alimpenda mwanafunzi wake, akataka kumpa nafasi ya kujisemea mwenyewe.

"Nani aliitoa hapa?" aliuliza.

Mume wangu akaweka kalamu chini. Akaikunja miwani, mkono mmoja, halafu wa pili, akaiweka juu ya daftari. Nikamwona anashika ukingo wa lile dawati dogo ili anyanyuke.

"Mimi," nilisema.

Wifi akanivuta ovaroli kwa nyuma. Nikaendelea.

"Niliichukua mimi. Nilikuja kumwona mume wangu Jumatatu, nikaitamani, nikaondoka nayo. Yeye hajui lolote."

Mume wangu alibaki nusu amesimama, nusu ameketi, mdomo wazi. Watu thelathini walinitazama, na mimi katika maisha yangu sikuwahi kukanyaga chuo kile kabla ya dakika tano zilizopita.

Mwalimu akachomoa penseli kwenye nywele zake. Akavuta kiti, akanionyesha nikae. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akaniomba nimweleze, taratibu na kwa mpangilio, siku hiyo ya Jumatatu niliingia kwa mlango upi.